Watumiaji Wengi Hutazama Skrini

Pendekezo langu la kwanza nililiandika kwa adabu zote. Nilianza na salamu, nikawashukuru waundaji kwa kujitolea kwao, nikasema mfumo wao wa kompyuta, Linux, ni mzuri na kwamba mahakamani kwetu unatumika kwenye kompyuta kumi na moja. Ndipo nikaomba jambo moja tu. Kile kidirisha kinachotangaza masasisho kisijitokeze mbele ya mtu anayeandika na kumnyang'anya kibodi. Kikae pembeni, kingoje. Maana kikijitokeza, kitufe cha "Anzisha upya sasa" huwa kimeshachaguliwa, na mwandishi akigonga Enter ili aanze aya mpya, amekwisha kukubali bila habari.

Siku tisa kimya. Kwenye ukurasa huo wa mapendekezo, lililokuwa juu ya langu lilitaka pembe za madirisha ziwe za mviringo, nalo lilikuwa na kura mia nne na kitu. La chini yake lilitaka rangi ya samawati iliyokolea zaidi. Langu lilikuwa na kura mbili, yangu na ya mama yangu mzazi, na hiyo ya mama nilimpigia mwenyewe kwa simu yake akiwa anamenya viazi.

Siku ya kumi jibu likaja, limetiwa sahihi ya Timu ya Mapendekezo. "Asante kwa maoni. Watumiaji wengi hutazama skrini wanapoandika. Pendekezo limefungwa."

Nililisoma mara nne. Kila nikilisoma damu inanichemka upya.

Niseme kazi yangu, nisije nikaonekana mtu mwenye gubu tu. Mimi ni mpiga chapa wa mahakama. Shahidi akisema, mimi naandika papo hapo, na nilichoandika ndicho hakimu atakachokisoma atakapokaa kutoa hukumu. Kazi hii niliirithi kwa mama, aliyepiga chapa miaka thelathini na moja kabla vidole vyake havijakakamaa. Alinifundisha kwa kunifunika mikono na kitambaa cha meza. Nikichungulia chini, nachapwa rula. Alisema vidole kumi vinajua njia, macho yana kazi nyingine.

Mahakamani kazi ya macho ni mdomo wa shahidi. Dari ya chumba chetu iko juu mno, feni inakwaruza, na watu wenye msiba husema wameinamisha kichwa. Ukiutazama mdomo, unapata na lile ambalo sikio limelikosa. Kwa hiyo skrini nimeigeuza ubavu, na naandika saa nzima bila kuitupia jicho. Kuhifadhi nahifadhi kwa vidole vilevile, kila ukurasa.

Pendekezo la pili likafungwa kwa sababu linafanana na la kwanza. La tatu sikuanza na salamu. Niliandika: "Wapo watu wanaoandika bila kutazama. Tupo, na tulikuwepo kabla ya hizo skrini zenu." Nikajibiwa nitumie lugha ya staha.

Aliyeuleta mfumo huu mahakamani ni mdogo wangu, tumbo moja, fundi wa kompyuta. Wenzake wanamwita Bure, kwa sababu hamalizi sentensi tatu bila kukukumbusha kwamba Linux ni ya bure, hailipiwi hata senti. Nilijua anajitolea huko mtandaoni pamoja na hao waundaji. Anafanya kazi gani hasa, sikuwahi kumuuliza. Nilipomwomba azime kile kidirisha kwenye mashine yangu, alikuwa mezani kwa mama anakula.

"Dada, nikikuzimia wewe, wale kumi nao watataka."

"Wazimie."

"Si rahisi hivyo. Halafu kwani ukitazama skrini mara mojamoja utapungukiwa nini?"

Mama akaweka kijiko chini. "Nilikuchapa wewe rula hata siku moja?" akamuuliza.

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Akanyamaza, lakini hakuzima.

Ndipo likaja shauri la karakana ya magodoro. Mwenye karakana alishtakiwa kwa kufunga mlango kwa kufuli, kwa nje, wakati wafanyakazi wako ndani. Moto ulipozuka mchana, wengine walipenya kwenye dirisha la choo. Msichana mmoja hakutoka. Shahidi mkuu alikuwa mama yake, dobi, mwanamke mwenye mikono iliyobabuka kwa sabuni na sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kuandika.

Alianza vizuri. Jina, kazi, umri wa binti yake, miaka ishirini na miwili. Akasema kila mchana alikuwa akimpelekea chakula na kukipitisha kwenye nondo za dirisha, kwa kuwa mlango haufunguliwi. Nikahifadhi, nikagonga Enter, nikaendelea. Akasimulia habari za lile kufuli na maneno aliyojibiwa alipolalamika. Akafika siku yenyewe. Alisema alitupa chungu cha chakula akaokota jiwe. Mtoto akawa anagonga mlango kwa ndani, yeye anagonga kufuli kwa nje, na ukafika wakati akagundua anagonga peke yake.

Mwendesha mashtaka alitoa leso. Mimi machozi yalinitoka nikiwa naandika, na sikukosa hata neno moja. Vidole vyangu havikukosa, naapa.

Hakimu, mzee mtaratibu ambaye mkono wake umeshindwa kalamu siku hizi, akaniambia, "Msomee shahidi jibu lake la mwisho, ili tuhakikishe."

Nikageuza skrini.

Ilikuwa nyeusi, na katikati kuna mstari mweupe. "Inasakinisha masasisho, 131 kati ya 212. Tafadhali usizime kompyuta."

Dakika ishirini na tano nilikuwa naandika hewani. Ile Enter niliyogonga baada ya kuhifadhi ndiyo iliyokiangukia kidirisha. Kinasa sauti cha chumba kile kiliharibika zamani, kimebaki pambo la ukuta. Nikasimama nikasema ukweli mbele ya watu wote.

Wakili wa mwenye karakana alikuwa keshainuka. "Mheshimiwa, kama kumbukumbu hazipo, basi ushahidi haupo. Shahidi arudie, chini ya kiapo." Mkononi ameshika daftari alimoandika vidokezo vyake mwenyewe, na nilimwelewa vizuri sana. Mama wa watu akirudia, akisema jiwe lilikuwa dogo pale aliposema kubwa, huyu atamrukia shingoni.

Yule mama akamtazama hakimu. "Sirudii," akasema. Akashuka kizimbani, akatoka nje.

Hakimu akaahirisha hadi kesho yake saa tatu. Mwendesha mashtaka alinipita bila kunitazama. "Asiporudi huyu," akasema, "yule bwana anakwenda nyumbani kwake kulala."

Yule mama nilimkuta uani kwenye bomba, ananawa uso. Nikamsalimia, nikamwomba radhi. Hakuitikia mpaka alipofunga bomba.

"Wewe ulikuwa unanitazama," akasema. "Muda wote unanitazama mdomoni. Nikajiambia, angalau huyu ananisikiliza."

"Nilikuwa nakusikiliza, mama."

"Sasa yako wapi niliyoyasema?"

Nikabaki nimesimama hapo kama mtoto aliyevunja chombo cha jirani. Akajifuta uso kwa upindo wa gauni lake.

"Nitafikiri," akasema. "Lakini nikija, safari hii nitauliza. Kila neno nitauliza kama limeingia. Na sitaki kuulizwa kwa nini nauliza."

Nikampelekea hakimu sharti lile, kisha nikaenda chumba cha mafundi. Mdogo wangu alikuwa amekaa kati ya nyaya na mashine zilizofumuliwa, na kutokana na uso wake niliona habari zimeshamfikia. Kwenye skrini yake ulikuwa wazi ukurasa uleule wa mapendekezo, lakini ukiwa na vitufe ambavyo mimi sivioni kwenye wangu. Kubali. Peleka juu. Funga.

Nikakielekezea kidole kile cha Funga.

"Ni wewe," nikasema.

Akajaribu kuufunga ukurasa. Nikamshika mkono.

"Timu ya Mapendekezo ni wewe?"

"Tuko watatu. Ya Kiswahili nasoma mimi, nikiona la maana napeleka kwa waundaji."

"Hukujua aliyeandika ni mimi?"

Hapo angeweza kunidanganya, na labda ningemshukuru. "Nilijua," akasema. "Nani mwingine duniani anajiita Vidole Kumi? Ni maneno ya mama hayo."

"Ukayafunga yote matatu."

"Dada, nisikilize. Kule kuna watu wananiheshimu. Miaka miwili nawaambia mahakama nzima inatumia mfumo wetu, hakuna shida. Halafu la kwanza kutoka hapa kwetu liwe lalamiko, tena la dada yangu? Nilidhani unanisema mbele za watu. Nilichukulia ni mambo ya nyumbani tu."

"Ya nyumbani!"

"Na hapakuwa na mwingine aliyesema! Wapiga chapa wako wangapi humu? Ulikuwa unalalamika peke yako."

Nilikuwa nimeshainua mkono. Sijawahi kumpiga mdogo wangu tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, mgongo huu huu wangu. Kilichouzuia mkono ni yale maneno yake, kwa sababu niliyafahamu. Niliyaandika asubuhi ile, herufi kwa herufi, yakaenda hewani pamoja na mengine.

"Hayo uliyosema," nikamwambia, "kuna mtu mwingine aliyewahi kuyasema. Kesho njoo uyasikie."

Hakuhitaji mwaliko wangu. Hakimu alikuwa ameshaagiza kwamba fundi akae ubavuni kwangu shauri zima, macho kwenye skrini, na atakachoulizwa na shahidi ajibu kwa sauti.

Asubuhi mdogo wangu aliwahi kabla ya wote. Alizunguka kwenye mashine zote kumi na moja akazima vile vidirisha. Ilimchukua robo saa. Niliitazama saa ya ukutani makusudi. Robo saa! Kitu nilichokiomba miezi mitano, kwa salamu na bila salamu, kilikuwa kazi ya robo saa, na biskuti aliyokuwa anatafuna hata haijaisha.

Saa tatu kamili kizimba kilikuwa kitupu. Wakili alikuwa anafunga daftari lake pole pole, kwa furaha isiyofichika, mlango ulipofunguliwa. Yule mama aliingia akiwa na gauni la jana. Akaapa. Akanitazama mimi, kisha akamtazama mtu aliyekaa kando yangu.

"Huyu ni nani?"

"Ni fundi," hakimu akasema. "Atakuambia kama imeingia."

Akatikisa kichwa kukubali. "Nilimwendea mwenye karakana mara tatu kuhusu mlango ule," akaanza, kisha akanyamaza. "Imeingia?"

Mdogo wangu akakohoa. "Imeingia."

"Mara ya kwanza nilimwamkia, nikamshukuru kwa kumpa mtoto wangu kazi, ndipo nikamwomba asifunge kwa nje. Hakunijibu kitu. Imeingia?"

"Imeingia, mama."

Wakili akasimama. "Mheshimiwa, tutakwenda hivi mpaka lini?"

"Mpaka amalize," hakimu akasema. "Keti."

"Mara ya pili akaniambia ameshanisikia. Imeingia?"

"Imeingia."

Sauti yake ilikuwa imeanza kupungua. Mimi sikugeuka. Macho yangu yalikuwa pale yanapotakiwa kuwa, na niliuona ule mdomo ukijikaza kabla ya neno kutoka.

"Mara ya tatu akakasirika. Akaniambia, mama, wenzako wote wamenyamaza, mbona wewe unalalamika peke yako?" Akamkazia macho fundi. "Imeingia?"

Nilimaliza kuandika. Maneno yale yalikuwa kwenye skrini, makubwa, mbele ya pua ya mdogo wangu. Hakujibu. Nilisikia pumzi zake, nikasikia kiti chake kikilia. Kumsaidia ningeweza, neno lenyewe ni moja tu. Sikumsaidia.

Chumba kizima kikageuka kumtazama. Yule mama hakuwa na haraka. Aliegemea ubao wa kizimba kwa mikono yake iliyobabuka, akamngoja.

"Baba, nakuuliza. Yameingia hayo?"

"Yameingia," mdogo wangu akasema, na machozi yakamdondoka hadharani, mbele ya watu wanaomheshimu.

"Haya," yule mama akasema. "Sasa nawaambia nilivyofika mlangoni."

Nikagonga Enter.