Waliochimba Ngome ya Udongo

Zadock, mume wa Seline, alikuwa na mdomo mtamu, hilo hakuna aliyebisha. Kwa hiyo maofisa walipokuja karibu na Pap Onditi kuandika historia ya ile ngome ya udongo, yeye ndiye aliyechaguliwa kuisimulia.

Na haikuwa hadithi tu ya kupitisha wakati. Maofisa walishatangaza kwamba ukoo uliojenga ngome ubaki ndani kuitunza, wengine wote wahame. Ndani humo aliishi Aloo, mama yake Seline, pamoja na watu wake, ambao wenyeji waliwaita jodak, yaani wageni waliopewa mahali pa kukaa. Wageni! Na babu zao ndio waliochimba lile handaki na kuinua ule ukuta ili adui asiingie mjini! Haya yote Zadock aliambiwa na Seline mwenyewe, naye akaapa: "Mama mkwe wangu ahamishwe nikiwa hai? Haiwezekani."

Basi akasimama, koti limepigwa pasi. Akaeleza udongo ulivyopandishwa kwa vikapu, na ng'ombe walivyoukanyaga mpaka ukashika. Akaeleza jinsi mwanamke mmoja alivyoshikwa na uchungu mle handakini, akajifungua, na baadaye akarudi kuchimba, mtoto mgongoni. Watu wakapiga vigelegele. Seline naye moyo ukamjaa.

"Mwanamke huyo," Zadock akamalizia, "alikuwa nyanya yake babu yangu. Ukoo wetu ndio uliojenga."

Woi! Seline akaruka kitini. "Zadock, huna haya? Huyo ni wa kwetu!"

Zadock hata hakumtazama. Akawatabasamia maofisa. "Msameheni. Ameolewa kwetu, hawezi kuwasemea watu wa kwao tena." Wazee wa ukoo wake wakaitikia, na ofisa akaandika.

Na lile koti alilipiga pasi yeye Seline, asubuhi ile ile, akiimba!

Aloo alikuwa amekaa kando, amewapa watu mgongo, maana mama mkwe hatazamani uso kwa uso na mkwe wake. Hakulia. Alimngoja binti yake afike, akamwuliza polepole, "Hiyo ya uchungu wa handakini tunaambiana sisi wanawake wa nyumba hii tu. Amejuaje?"

Seline akapiga magoti mbele yake.

"Ni mimi niliyempa, Mama."