Sungura Hawakupiga Kishindo

Majani mabichi yalikuwa yamelala mbele yao, na hakuna aliyeyagusa. Sungura wanane walijibanza pembeni mwa banda, masikio wameyalaza mgongoni, macho kodo, wametulia tuli. Jana walikuwa tisa. Wiki iliyopita, kumi.

Hapakuwa na damu wala manyoya, wala wavu haukukatwa. Mwalimu Sabiha, aliyefundisha shule ya Makorora miaka thelathini na minne na kusifiwa kwa haki, alisimama akafikiri kama alivyozoea kufikiri mbele ya ubao. Mbwa akipita tu uchochoroni, sungura hawa hupiga sakafu kwa miguu ya nyuma mpaka kishindo kikamfikia barazani. Leo asubuhi nzima alikuwa barazani akichagua mchele, na hakusikia kitu. Basi aliyeingia ni mtu wasiyemwogopa. Na wasiowaogopa walikuwa wawili tu: yeye mwenyewe na Hamad.

Hamad alikuwa fundi cherehani, Mpemba aliyepanga nyumba ya pili. Kila alfajiri huwakatia sungura wale majani na kuwaletea bila kuombwa.

Ilikuwa Ijumaa. Watu walipotoka msikitini, Sabiha alimwita mbele ya kadamnasi.

"Bwana Hamad, sungura wangu wawili wako wapi?"

Hamad alitabasamu, akidhani ni mzaha. "Wamo bandani, Mwalimu. Asubuhi nimewapa majani."

"Nauliza waliochukuliwa. Angeingia mnyama, wangepiga kishindo. Wamenyamaza kwa sababu wanakujua."

Watu waligeuka. Hamad alifungua kinywa, kikabaki wazi. Alisimama pale, asitoe hata neno moja.

"Angekuwa safi angejitetea," mtu mmoja alisema.

Na Sabiha, Mungu amsamehe, aliitikia kwa kichwa.

Tangu hapo wateja wakaanza kupeleka vitambaa vyao kwingine. Khairiya, mke wa Hamad, akawa anazunguka mtaa mzima kuteka maji ili asipite mlangoni kwa Mwalimu. Watoto nao wakampachika binti yao wa miaka minane, Tuhfa, jina la Kitoweo. Sabiha alilisikia jina hilo likiitwa barabarani, akaendelea kufagia.

Siku ya kumi na mbili, baada ya adhuhuri, aliingia bandani kusafisha. Sungura walikuwa tena pembeni, wamebanana. Aliinama karibu na jike kubwa. Mbavu zake zilipanda na kushuka haraka ajabu, lakini hata sharubu haikucheza. Jicho lake lilitazama juu. Sabiha naye akatazama.

Chatu mnene kama kifundo cha mkono alikuwa akijishusha kutoka kwenye boriti, chini ya mwanya wa paa, taratibu, kama kamba inayoteremshwa na mtu asiyeonekana.

Sabiha alitaka kupiga kelele. Hakuweza. Hatua mbili tu mbele yake, chatu alimnasa sungura mdogo, akamviringa na kumkaza. Sungura hakulia. Wenzake hawakulia. Sabiha hakulia. Banda zima lilikuwa kimya kama asubuhi ile, na ndani ya kimya hicho akaelewa: kishindo ni cha adui aliye mbali. Akishafika, wanyonge hujifanya mawe, wakiomba jicho lake liwapite.

Alipoweza hatimaye kutoka na kuita, jirani yake Rama alikuja na panga, na umati nyuma yake.

"Mwalimu, mwizi wako huyu hapa!" Rama alisema, na watu wakaangua kicheko. Sabiha alijifunika uso kwa kanga.

Kabla jua halijatua, alipiga hodi kwa Hamad. Fundi hakuinua macho kwenye cherehani.

"Nishasikia," alisema. "Yamekwisha, Mwalimu. Miye nishakusamehe."

"Hayajaisha. Ijumaa nitasimama palepale, niseme mbele ya wote."

"Haya, sema." Gurudumu la cherehani likasimama. "Lakini Tuhfa aliniuliza kama niliiba. Nikamwambia la. Akaniuliza, basi mbona ulinyamaza, baba? Hilo sikuwa na jawabu nalo."

Sabiha alivua kandambili mlangoni, akaingia. "Niitie Tuhfa."

Mtoto alitoka chumbani, akasimama mbali. "Shikamoo, Mwalimu."

Maisha yake yote Sabiha alikuwa akiipokea salamu hiyo bila kufikiri. Sasa marahaba ilimkwama. Alijishusha mpaka mkekani, mtoto akawa mrefu kuliko yeye.

"Baba yako hakuiba. Mimi nilimsingizia mbele za watu. Alinyamaza kwa sababu nilimtisha, na mimi nikakigeuza kimya chake kuwa ushahidi."

Tuhfa akaenda nyuma ya kiti cha baba yake, akamwekea mkono begani. Sabiha alibaki mkekani, asijue kama ameruhusiwa kuinuka.