Bonyeza Pua ya Mwenyekiti

Haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa jina la marehemu bibi yangu, ambaye hakuweza kumdanganya hata kuku arudi bandani, kwamba sijaongeza chumvi hata ya kuonjea. Yalitokea hapa hapa Tunduma, mwezi wa saba, baridi inakata masikio na vumbi la malori linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa.

Tuntufye alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, aliyesomea kompyuta Mbeya akarudi kupanga chumba juu ya duka la matairi. Chama cha madereva kilimpa kazi ya kutengeneza programu ya simu. Maana foleni ya malori ya kuvukia Zambia ilikuwa inafika hadi kijiji cha Mpemba, na zamu ziliandikwa kwenye daftari moja lililochakaa, ambalo kila aliyelishika alijikuta jina lake limepanda juu. Programu ikaitwa Zamu. Dereva afungue simu, abonyeze kitufe cha kijani kilichoandikwa "Ingia Foleni", apewe namba, arudi zake kulala kwenye kabini.

Kazi ilikuwa ya majaribio. Mwenyekiti wa chama, Bwana Clever Simbeye, hakumficha.

"Binti yangu, mkutano mkuu ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo programu ikionekana ina kasoro, kazi anachukua Dennis, mtoto wa dada yangu. Naye kompyuta anazijua."

Dennis alikuwa na stesheneri karibu na stendi. Alichojua cha kompyuta ni kuiwasha na kuipangusa. Lakini Tuntufye alijua pia kwamba cheti hakijawahi kumshinda mjomba.

Kwa hiyo akajiwekea mlinzi: mashine ya kukagua picha. Kila akigusa programu, hata kuongeza nukta, mashine inaifungua yenyewe, inapiga skrinshoti ya kila ukurasa kwa kila aina ya simu, ya bei mbaya na ya kioo kilichopasuka, halafu inalaza kila picha mpya juu ya picha mama. Picha mama ndiyo ile iliyokwisha kuidhinishwa kwamba hivi ndivyo ukurasa unavyotakiwa kuonekana. Zikilingana, kijani. Zikipishana hata unywele, mashine inapaka wekundu palipopishana na inagoma kuiruhusu kazi itoke.

"Ila lazima kwanza mtu aziidhinishe picha mama," Tuntufye alimweleza Mwenyekiti.

"Mtu? Katika chama hiki anayeidhinisha ni mimi." Akasogeza kiti. "Na picha yangu iko wapi?"

"Picha gani, Mwenyekiti?"

"Kalenda ya chama ina picha yangu. Bango lina picha yangu. Mpaka kanga za akina mama wa chama zina picha yangu, tena mahali ambapo mke wangu hapapendi. Leo programu ikose?"

Akaleta picha ya studio: suti, kofia ya pama, tabasamu la mtu aliyekwisha kula. Tuntufye akaiweka pembeni, ndogo. Ikuzwe. Akaikuza. Ikuzwe tena. Binti akaona isiwe tabu. Akaikuza makusudi mpaka ikafunika kitufe cha kijani, ili mzee auone upuuzi kwa macho yake aseme basi. Hapo ndipo alipokosea. Mtu ukimwonyesha sura yake imejaa skrini haoni upuuzi. Anaona kazi iliyokamilika.

"Hapo sasa," alisema Mwenyekiti.

"Lakini kitufe hakionekani."

"Kitufe kitatafuta nafasi yake. Yangu ndiyo hiyo."

Picha mama zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Mwenyekiti hakutaka kuidhinisha kitu asichoweza kukipiga muhuri, kwa hiyo zote zikachapishwa, kwa Dennis bila shaka, zikaletwa kwenye boksi la sabuni. Akavaa miwani. Wengine wangetazama maandishi, rangi, vitufe. Yeye alitafuta uso wake.

"Hapa nimetoka vizuri." Muhuri, pwaa! "Hapa mbona mashavu yamejaa?"

"Hiyo ni simu yenye kioo kipana."

"Basi ni neema." Pwaa!

Alipomaliza, akabonyeza "Idhinisha" kwenye kompyuta kwa kidole chake mwenyewe, na katibu akaandika kwenye muhtasari kwamba picha zimepitishwa na hazitaguswa mpaka mkutano mkuu. Na chama kile, jambo likishaingia kwenye muhtasari likapigwa muhuri, hata mto ukihama wao watavuka palepale pa zamani.

Jumatatu madereva wakafungua Zamu. Wakamkuta Mwenyekiti anatabasamu. Wakamsubiri amalize. Hakumaliza. Kufikia saa sita mchana daftari lilikuwa limerudi, na watu watatu tofauti walikuwa wa kwanza.

Tuntufye akapunguza picha kidogo tu, kitufe kitoe kichwa. Mashine ikaja juu, nyekundu kila mahali. Akaipeleka ofisini aonyeshe tatizo. Mwenyekiti akaona uso wake umepakwa wekundu kuanzia kofia hadi tai, akaruka.

"Umenichinja!"

"Si mimi, Mwenyekiti. Mashine inaonyesha kilichobadilika."

"Na nani kakwambia ubadilishe? Unaona? Mashine yako mwenyewe inakukana. Inaheshimu muhtasari kuliko wewe uliyesoma." Akaipapasa kompyuta kama mtu anayempongeza ng'ombe wa maziwa. "Nyekundu nyingine nikiiona kabla ya Ijumaa, Dennis ahamishie meza yake huku."

Tuntufye akarudi chumbani kwake na hasira za kutosha kukaangia mihogo. Mashine ile haikujua zuri wala baya. Ilijua jana tu. Ukiipa kosa likiwa na muhuri, italilinda kosa kwa uaminifu ambao hata mbwa hana, na atakayelirekebisha ndiye mhalifu. Alishawahi kufanya kazi na watu wa namna hiyo, lakini wao angalau walikuwa wakienda kula mchana.

Akaitazama ile sura. Akajiuliza mashine inaona nini. Inaona picha. Basi. Ina macho mia mbili na kumi na manne, na haina kidole hata kimoja.

Akacheka peke yake.

Hakugusa picha hata chembe. Alichofanya ni kukichukua kile kitufe kilichofunikwa, akakifanya kisionekane kabisa, akakileta mbele ya picha, akakiweka palipo katikati ya uso, mahali dole gumba linapofika bila kuhangaika. Mashine ikapiga picha zake, ikalinganisha, ikarudisha kijani kitupu. Kisha akampigia Emanueli, dereva aliyekuwa amekwama Mpemba siku ya nne na mzigo wa saruji.

"Kaka Emanueli, mbonyeze Mwenyekiti pua."

"Dada, mimi nina familia."

"Kwenye simu!"

Halafu ukasikika mlio wa namba. "Mamaa! Nimepata kumi na saba! Mukwai, njooni mbonyeze pua!" Aliwapigia kelele Wazambia wa lori la nyuma, kwa neno lao la heshima.

Habari ikapita foleni nzima kabla chai haijapoa. Bonyeza pua. Ukitaka kujitoa, bonyeza pua tena. Waliokuwa na visasi vya zamani na Mwenyekiti waliingia na kutoka foleni mara ishirini kwa siku bila safari yoyote.

Na hapa msikilize vizuri. Kila pua ilipobonyezwa Mpemba, Mwenyekiti alipiga chafya ofisini. Jumanne alipiga mia na kumi. Jumatano alifunga kofia kwa kamba. Alhamisi, magari yalipokuwa mengi, madirisha ya ofisi yalifunguka yenyewe na muhuri ukaruka mpaka ng'ambo ya barabara. Mke wake akamchemshia majani ya mkaratusi. Hayakusaidia, foleni ilikuwa ndefu.

Ijumaa ukumbi ukajaa. Mwenyekiti akasimama na leso mkononi, akajisifu: wiki moja, madereva mia tisa, na mashine kijani. Akamwita Emanueli aonyeshe inavyotumika, simu ikiwa imeunganishwa na projekta inayomulika ukuta mweupe, sura ya Mwenyekiti kubwa kama mlango wa ghala.

Emanueli akavua kofia. "Mwenyekiti, uniwie radhi. Nakubonyeza pua."

Akabonyeza. Mwenyekiti akapiga chafya. Ukumbi ukaangua kicheko, na kila mwenye simu mfukoni akaitoa. Waliohesabu wanasema chafya zilikuwa sitini na mbili mfululizo, na kofia ilifikia mstari wa tatu wa viti.

"Fukuza!" alisema alipopata pumzi. "Fukuza huyu binti! Kachezea programu!"

Tuntufye akasimama na lile boksi la sabuni. "Mwenyekiti, hizi picha mia mbili na kumi na nne zina muhuri wako. Mashine hii hapa inasema hakuna iliyobadilika. Onyesha kasoro, nami nitaondoka leo."

Mwenyekiti akazishika, akazigeuza, akatafuta. Kila alipotazama alijikuta ametoka vizuri.

"Tupige kura," akasema mama mmoja kutoka nyuma. "Sura itoke, kitufe kirudi, binti abaki." Mikono ikapanda, hata wa Dennis, ambaye alikuwa na lori la mjomba kwenye foleni. Mwenyekiti akaidhinisha picha mama mpya kwa kidole kilekile. Sura yake ikahamishiwa ukurasa wa "Kuhusu Chama", na mpaka leo ukurasa huo umefunguliwa mara nne, zote kutoka nyumbani kwake.

Ndivyo nilivyoandika, na ningeishia hapo kwa heshima zangu, kama Tuntufye hangezipata karatasi hizi kabla hazijakauka.

"Babu," akaniuliza, "hizo chafya?"

"Zilikuwepo, mjukuu wangu."

"Mafua. Mwezi wa saba nusu ya Tunduma ina mafua. Alipiga chafya moja, nami mwenyewe nilimwambia pole. Na picha zilikuwa arobaini na moja."

Kwa hiyo jana, kumlipa faini ya chumvi niliyoongeza, nilipanda na debe la mchele wa Kamsamba begani, ngazi zote za duka la matairi, nikalitua mlangoni kwake. Akalinyanyua kidogo, akalirudisha chini.

"Halijajaa, babu."

Nikashuka kufuata mchele uliobaki.