Shwari Hafungiwi Tena

Mama yao alipokwisha kuzikwa, ndugu walikaa sebuleni kupanga nani abebe nini. Baba mdogo, ambaye hakuwa na kawaida ya kusubiri zamu, alisema kwanza.

"Shwari abaki kile chumba cha uani. Komeo lipo. Mtu wa kumpelekea chakula hatakosekana."

Shwari alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na ushei. Jina hilo mama alimpa kwa utani, maana tangu utotoni hakuwahi kutulia. Alikuwa na usonji: maneno yake yalihesabika, makelele yalimchoma kama moto, na akifurahi alipunga mikono kama anayefukuza kuku shambani. Wageni walipobisha hodi, aliingizwa chumba cha uani mpaka waage. Mama hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka, na katika ukoo wote huo hapakupatikana wa kumpokea hata kwa siku moja.

Dada yake, msusi mwenye kijisaluni cha viti viwili, hakubishana na mtu. Aliinuka, akatafuta bisibisi, akaenda uani na kulifungua lile komeo skrubu kwa skrubu. Akarudi nalo, akaliweka mezani kando ya kikombe cha baba mdogo.

"Ondoka nalo, baba. Ukalifunge kwako."

"Binti, unanivunjia heshima."

"Heshima yako iko palepale, baba. Kilichotoka ni komeo."

Kuanzia kesho yake akawa anakwenda na Shwari kazini. Baadhi ya wateja walihama kimyakimya. Mashine ya kukaushia nywele ilimkimbiza kaka yake hadi barabarani, basi msusi akarudi kwenye taulo na jua. Lakini mkono mmoja ukisuka na mwingine ukimshika mtu asiingie njia ya magari, haukupita muda mrefu akakubali kwamba maji yamezidi unga. Akaenda ofisi ya ustawi wa jamii.

"Huduma zipo," alisema ofisa aliyempokea, kijana mwenye shati lililonyooka, "ila ni za watoto. Huyu umri umempita."

"Kwa hiyo usonji ulimwisha alipoota ndevu?"

"Sijasema hivyo, dada."

"Basi niambie umesema nini."

Ofisa akamwambia arudi wiki ijayo. Wiki ijayo mhusika alikuwa safarini. Aliporudi tena, mhusika alikuwa mkutanoni. Danadana hizo zilimkalisha kwenye benchi la koridoni, ubavuni mwa mama mmoja muuza mitumba, naye amefuata jambo hilohilo kwa ajili ya binti yake.

"Nimemwacha ndani na kufuli," alisema yule mama. "Usinitazame hivyo."

"Sikutazami kwa ubaya. Sisi tulikuwa na komeo."

Muuza mitumba akamkagua, akaliona chanuo mfukoni. "Kumbe msusi. Basi wewe hufundishwi kwamba kidole kimoja hakivunji chawa."

Wakacheka, na hapo ndipo walipokubaliana kukutana saluni na ndugu zao. Jumatatu saluni hufungwa. Jumatatu hiyo ilifunguliwa. Muuza mitumba alikuja na binti yake, na dereva mmoja mstaafu akaja na mkewe na mjukuu wao. Walizima redio, wakafunika kioo kikubwa kwa shuka kwa sababu binti hakupenda kujiona. Walipeana habari ambazo kila mmoja alikuwa amejifunza peke yake kwa machozi: nguo ipi haiwashi, fundi gani wa meno ana subira. Muuza mitumba alisinzia kwenye kiti cha kuoshea nywele. Hakuwa amelala mchana tangu azae.

Mwenye nyumba akaja kusimama mlangoni. "Nilikupangisha saluni, si hospitali ya vichaa. Majirani wanalalamika."

"Hapa hakuna kichaa, mzee. Kuna watu na ndugu zao."

"Akili zao si timamu."

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na nywele ndiyo kazi yangu. Karibu uketi, au utupishe upepo upite."

Mzee aliondoka. Hata hivyo, familia ziliongezeka na viti vilikuwa vilevile viwili.

"Ofisini wamezoea kutuona sisi tu," msusi akawaambia. "Safari hii twende na ndugu zetu wenyewe."

Koridoni hapakubaki pa kuweka mguu. Binti wa muuza mitumba aliingia chini ya meza ya ofisa, akatulia humo. Shwari alikuwa akienda na kurudi, anaguna, viganja masikioni. Mlinzi akanyoosha mkono amkamate. Msusi akaingia katikati.

"Usimshike. Mwambie."

Mlinzi akasita. "Bwana, naomba unipishe," akasema taratibu. Shwari akampisha.

Mkuu wa ofisi, mama wa makamo, akatoka chumbani kwake. "Huyu anataka nini?" akamuuliza msusi.

"Muulize mwenyewe."

Mkuu akamuuliza. Kila aliyetaka kumjibia, msusi alimzuia kwa jicho.

"Feni," Shwari akasema. "Zima."

Feni ya darini ilikuwa ikikwaruza muda wote. Ilipozimwa, Shwari aliteremsha mikono, akaketi sakafuni.

"Na sisi tunataka ukumbi wenu wa nyuma, uliojaa viti vibovu," akasema msusi. "Na mtaalamu wa usonji aje humo, awaone na watu wazima."

"Lazima niwaulize wakubwa."

"Waulize. Tutakaa."

Walikaa. Jasho lilimtoka mkuu kwa kukosa feni, simu zikapigwa, na jioni ufunguo wa ukumbi ukatoka.

Mtaalamu huja, ingawa si kila anapoahidi, na asipokuja wanamfuata. Ila ofisi nayo ikajifunza ujanja: kila mwenye ndugu wa usonji akawa anaambiwa, "Nenda kwa msusi." Wa kwanza alifika saluni akitweta, mtoto mgongoni. Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Akaweka chanuo chini, akamshika mgeni mkono, akamrudisha hadi kwenye meza ya yule ofisa.

"Mgeni wako huyu," alisema. "Kwangu atakuja Jumatatu, kupata wenzake. Leo mhudumie wewe, ndiyo kazi yako."

Ofisa alitazama mlangoni. Mteja wa saluni alikuwa amewafuata, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, amekunja mikono anasubiri kuona. Ofisa akamvutia mgeni kiti.