Msitu wa Ndefu-Fupi

Jumanne ile baba yake alipofariki, binti alikuwa langoni mwa bustani ya wilaya akipaka kibao cha USIKANYAGE NYASI. Karani wa mahudhurio alikuja kutoka kitaluni, daftari kwapani, akasimama nyuma yake mpaka brashi ilipoinuka.

"Weka brashi chini, mwanangu."

"Nimebakiza herufi moja."

"Haya, malizia."

Alimalizia. Kibao kile bado kipo, na herufi yake ya mwisho ni nene kuliko nyingine zote.

Baba, aliyekuwa mtunzaji wa kitalu, alikutwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya bomba, kikombe cha chai mkononi, hakijamwagika hata tone. Watu walimwita Ndefu-Fupi. Mwaka ule kilima kilipokatwa miti yote, gogo lilimwangukia mguu wa kushoto, na tangu hapo alitembea hatua moja ndefu, moja fupi. Alipopewa kibarua cha kukirudishia kilima msitu wake, hakutumia kamba ya kupimia. Alipanda mlima na jembe, na kila mguu ulipotua alichimba shimo. Miche yake ikakaa miwili miwili, imesogeleana, ikitiliana kivuli, kisha nafasi pana ya maji kupita. Ya kwake ilishika. Ya wenzake, iliyopimwa kwa kamba, ilikauka.

Mkurugenzi wa bustani hakuipenda, kwa kuwa ilitoka vibaya kwenye picha za *Habari za Bustani*, karatasi inayobandikwa langoni kila mwezi.

"Mistari yako inachechemea, mzee."

"Mti si askari wa gwaride, mkuu."

Walicheka wote wawili, kisha mkurugenzi akaagiza kamba nyingine.

Jumatatu baada ya maziko, saa nne kamili, vibarua walipokuwa wanamalizia chai, miche mia moja na ishirini ilitoka kitaluni. Ilipita langoni, ikapanda kilima hatua moja ndefu, moja fupi, ikasimama kila mmoja mahali pake na kujifukia mizizi. Viriba, ile mifuko ya plastiki ilimooteshwa, vilibaki kando ya bomba, vimekunjwa mara tatu na kubanwa na jiwe.

Mama alipoletwa kuviona, aliinama akakinyanyua kimoja.

"Ni yeye," alisema. "Hata mashati yake alikuwa haniachii nikunje. Ananiambia nayakunja kama mtu anayekimbia nyumba."

Mkurugenzi aliamuru miche ing'olewe, ipangwe kwa kamba. Ikapangwa. Kesho yake saa nne ilirudi ilikokuwa, na mingine mia na ishirini ikaifuata. Walifanya hivyo mara tatu. Mara ya nne vibarua waliketi chini wakasema migongo imekwisha.

"Basi iacheni," alisema mkurugenzi, "ilimradi inapanda."

Toleo la mwezi huo liliandika: *Upandaji miti unaendelea vizuri. Umma unaombwa kuipisha miche njiani ifikapo saa nne.* Watu walizoea. Mwenye duka la mkabala na lango aliacha kuegesha baiskeli yake pale asubuhi.

Msitu ulipokaribia kilele, ofisi ilitangaza siku ya ufunguzi. Kikundi cha sanaa cha mtaa kilipewa kazi mbili: ngoma za kuwapandisha wageni, na ubao mkubwa wa langoni. Kazi ya ubao ikamwangukia binti, kwa kuwa ndiye mwenye mkono wa herufi. Maneno yaliletwa yamechapwa: MSITU HUU UMEREJESHWA NA OFISI YA BUSTANI. Chini yake palikuwa na majina saba, la mkurugenzi likiwa la kwanza.

Alienda ofisini. Mkurugenzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimvutia kiti.

"Mkuu, naomba mstari mmoja wa baba."

"Baba yako alikuwa kibarua, mwanangu. Nikimwandika mmoja, kesho nina mia mbili hapo mlangoni."

"Waandike mia mbili."

"Ubao hautawatosha."

"Ninayeupaka ni mimi. Utawatosha."

"Haya, nionyeshe alipoandikwa kuwa alifanya kazi hapa, nami nitamweka."

Binti alimwendea karani. Karani alifungua daftari la vibarua, akalisogeza dirishani. Kurasa zilikuwa nyeupe, zimechakaa kwa kufutwa.

"Vibarua huandikwa kwa penseli," alisema. "Mwezi ukiisha tunafuta, ili daftari litumike tena. Miaka ishirini na miwili nimemwandika 'yupo' kila siku ya kazi. Na kila mwezi nikamfuta."

Alipuliza chembe za kifutio kutoka kwenye mshono wa daftari. Binti alirudi langoni akaupaka ubao kama ulivyoandikwa, na akaupaka vizuri, maana hakujua kupaka vibaya.

Siku ya ufunguzi wageni walijaa mpaka barabarani. Ngoma zilianza mwendo wa gwaride. Mkurugenzi akatangulia, akaingia msituni kwa hatua zake za siku zote. Hatua ya pili ilikuta mzizi. Ya tatu ilikuta mti. Alijaribu ndefu, ikapita. Akajaribu fupi, ikapita. Hapakuwa na namna nyingine ya kupanda.

Nyuma yake wageni rasmi walichechemea, na walimu, na wauguzi, na mwenye duka, na watoto waliojua mapema kuliko wakubwa. Wapiga ngoma waliacha gwaride kwa kuwa miguu iliwashinda, wakashika mpigo wa ndefu-fupi, na kilima kizima kikaenda kwa mguu mmoja wa mtu mmoja. Vibarua mia mbili waliokuwa wamewekwa mwisho walianza kuimba. Mama peke yake hakuhitaji kujifunza. Alikuwa ametembea kando ya mguu ule miaka thelathini, akawapita wote, akafika kileleni wa kwanza, akatandika kanga, akaketi kuwasubiri.

Mkurugenzi alifika anatweta.

"Mama, umenishinda."

"Utazoea, baba," alisema mama, akampisha pembeni.

Toleo la *Habari za Bustani* liliandika kwamba wageni wote walipanda salama, na kwamba mistari imenyooka.

Ubao uko palepale. Kila mwaka, mvua zikiisha, binti huitwa kuupaka upya: majina saba, herufi zilezile. Watu wa mjini wanaoenda msituni mara kwa mara hutembea ndefu-fupi hata sokoni, na hakuna anayewacheka. Kitalu kina mtunzaji mwingine, naye huandikwa kwa penseli. Saa nne kamili, miche inapotoka langoni, karani hufungua daftari na kuandika "yupo" mbele ya jina la baba. Mwisho wa mwezi hulifuta.