Waitaliano Waliohesabu Ngamia

Kitendawili: chumba kimejaa watu, wote wanaongea, na hakuna anayemjibu mwenzake. Usiseme kanisani, padri wetu atanuna. Hiyo ni Ofisi ya Pamoja ya mjukuu wangu Linda, hapa Isiolo mjini, siku zile Waitaliano walipokuwa ndani yake na vile vitu vyao vya masikioni.

Linda ni mtoto wa mwanangu Lopeyok, na mimi ndiye niliyemlea. Alisoma mambo ya kompyuta mpaka akavishwa joho, kisha akarudi nyumbani tukawa tunaliangalia joho pamoja. Tangu kaunti ije tulikuwa tumeambiwa kwamba kazi zitatufuata hapa hapa Isiolo. Linda alizingoja. Alipochoka alienda kwa Mzee Huqa, Mborana mwenye ngamia kule Burat na nyumba mbili tatu za mjini, akamwomba ile iliyokuwa stoo ya dawa za mifugo. Huqa akampa kwa masharti ya baba na binti. Linda akapaka rangi, akaweka meza, intaneti na umeme wa sola, akaandika mlangoni kwamba mtu yeyote mwenye kazi na asiye na ofisi aje akae. Harufu ya dawa ya kupe haikukubali kuhama, lakini tulizoea.

Aliniambia bila kuzunguka. "Nyanya, hii nyumba ikinishinda mwaka huu, naenda Qatar. Paspoti nimeshaitafuta."

Mimi sina ugomvi na Qatar. Lakini sijaona mtu wa kutoka Qatar Jumapili akaja kula kwangu na kurudi. Kwa hiyo nikawa naamka, navaa leso yangu safi, naenda kukaa kwenye ile ofisi ili ionekane ina watu. Tulikuwa mimi na Mbaabu, kijana wa Meru anayewasaidia watu na mambo yao ya kodi. Watu wenye mambo ya kodi Isiolo si wengi, au ni wengi lakini hawana haraka.

Ndipo Ruggero na Ilaria wakaja kutoka Milano.

Linda alinieleza kwamba hao ni waanzilishi wa kampuni changa, na kuna mpango kwao wa kuwatuma waanzilishi nchi za mbali, wakakae kwenye ofisi za pamoja, wakue. Nilimtazama Ruggero akiinama ili apite mlangoni, mtu wa kimo cha mlingoti wa simu, nikajiuliza anataka kukua aende wapi. Lakini walichukua meza karibu zote, mwaka mzima, na Linda akaanza kuimba tena akiosha vyombo. Nikawapenda hapo hapo.

Kazi yao ilikuwa programu ya simu ya kumkutanisha mwenye ngamia na mnunuzi wa maziwa. Sadiya, mke wa Huqa, amekuwa akipeleka maziwa ya ngamia Nairobi tangu Linda akiwa anatambaa, kwa simu ya vibonyezo yenye kioo kilichopasuka, na wanunuzi wake anawajua mpaka majina ya watoto. Hakuna aliyewaambia Waitaliano. Wangeona aibu, na walikuwa wamesafiri mbali.

Walikuwa watu wazuri, sitawasingizia. Waliniita Nonna, yaani nyanya kwa lugha yao. Ukutani walibandika vikaratasi vya rangi, kila wazo na karatasi yake, na upepo wa alasiri ulipoingia mawazo yote yalienda kwa muuza mitumba. Kuhusu kahawa walikuwa na dini kamili. Ilaria alinifundisha, kwa upole, kwamba kahawa ya maziwa mtu hanywi ikishapita asubuhi, tumbo linaharibika. Nilimshukuru. Nilikuwa nimeliharibu tumbo langu miaka yote hiyo bila kujua.

Shida yao ilikuwa moja. Wenye pesa kule Milano walitaka kujua hiyo programu ina ngamia wangapi. Basi Ruggero akawa anaenda kwa wafugaji na simu mkononi, anamuuliza mtu mzima mbele ya watoto wake: una ngamia wangapi? Mtu anamjibu kwamba Mungu amempa. Wangapi? Wachache. Wachache kiasi gani? Wa kutosha chai. Ruggero anarudi ofisini na simu iliyojaa neno "wachache", anajitupa kwenye kiti.

Nikamhurumia. Kumkemea mgeni sikuweza, nikaona nimfundishe kwa njia ya heshima, kama tulivyofundishwa sisi.

"Kitendawili," nikamwambia, Linda akitafsiri. Nikamfundisha kujibu tega. Akajibu vizuri. Nikatega: "Nina watoto wengi, kila mmoja namjua kwa sura na kwa tabia, na sijui ni wangapi."

Akafikiri. Akasema shule. Akasema benki. Akashindwa, nikamwambia anipe mji, maana ndiyo sheria. Akanipa Milano. Nikaikataa, ni mbali na kanisa langu, lakini jibu nikampa: ni mwenye mifugo. Nikaeleza kwamba Mborana hahesabu mifugo yake kwa sauti, na sisi Waturkana pia hatuhesabu. Mtu anasimama jioni penye zizi, anawaangalia wakiingia, na kama mmoja hayupo anajua ni yupi. Kumhesabia mwenzako wanyama ni kama kumwonyesha adui njia ya kwake. Baraka inaondoka.

Ruggero alisikiliza mpaka mwisho, macho yanang'aa. Akaniambia asante Nonna mara nyingi. Akaenda ukutani akaandika kikaratasi kipya. Nilijua ameelewa, nikalala vizuri.

Baadaye Linda alinisomea kile kikaratasi. Kiliandikwa: Wafugaji hawajui idadi ya ngamia wao. Tuwasaidie.

Nilimtegea mtu kitendawili, akatengeneza biashara.

Akaagiza droni, kale kandege kanakolia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Akaenda nako upande wa Gotu, ambako ngamia wa Huqa walikuwa kwenye fora, ile kambi ya malisho mbali na nyumbani. Hakumuuliza mtu swali lolote, na hilo alilihesabu kuwa adabu. Alikarusha juu, kakapiga picha, kompyuta ikahesabu yenyewe. Alirudi amefurahi kama bwana harusi. Linda alikuwa Meru siku hiyo kutafuta betri za sola, na mimi nilikuwa na mguu wangu, niko kitandani. Hakukuwa na mtu wa kumshika mkono.

Asubuhi iliyofuata Mzee Huqa alipita kuangalia paa. Ni kawaida yake. Anaingia, anatoa salamu aleikum kwa wote, anamuuliza Mbaabu habari za kwao, habari za mvua, ananiuliza mimi mguu, anaketi, anapewa chai. Sasa ofisi ile ilikuwa na skrini kubwa ukutani. Huqa akainua kikombe, akainua na macho. Skrini nzima ilikuwa picha yake akicheka, jina lake chini, na pembeni, kwa maandishi makubwa mekundu, idadi ya ngamia wake. Namba yenyewe siitaji.

Ruggero alikuja mbio, akampa mkono, akamwonyesha skrini. Alidhani mzee atafurahi. Fikiria mtu anakuvua nguo sokoni kisha anangoja umshukuru kwa upepo.

Huqa aliweka kikombe chini, chai ikiwa haijafika hata nusu, akachukua fimbo yake, akatoka. Mbaabu, ambaye kwao ni mashamba na hajawahi kuwa na zaidi ya mbuzi, hata yeye alizima skrini bila kuambiwa.

Siku hiyo hiyo jioni fisi akamla ndama wa ngamia kule fora. Habari ilifika mjini kabla ya fisi kumaliza. Ruggero alisema kwamba fisi hasomi skrini. Alisema kweli, sikatai. Lakini Huqa alituma neno kwa Linda kwamba anataka kuongea juu ya nyumba, na Linda aliporudi na betri zake na kulisikia, alikaa chini kwenye kizingiti na vile viatu vyake vyenye vumbi la Meru. Hakulia. Aliuliza tu kama bado tuna sanduku lile kubwa la marehemu babu yake.

Nikamwambia sanduku lina panya. Halikuwa na panya.

Tukaenda Burat kuomba msamaha. Ruggero alibaki, alikuwa na kikao cha video na Milano, akashauri atume ujumbe mzuri kwa simu. Ilaria ndiye aliyesema atakuja nasi, akafunika nywele zake vizuri, nikaona huyu anaweza kufaa. Tulibeba sukari, tumbaku na buni, kahawa yenyewe na maganda yake. Ukienda kwa Mborana kwa jambo zito utazame buni zako zinaelekea wapi. Zikiachwa pale ulipoziweka, usiulize, rudi kwenu. Zikienda jikoni, kaa.

Sadiya alitupokea kwa salamu ndefu, ng'ombe, ngamia, mvua, afya. Buni zilikaa pale chini kati yetu. Linda alizitazama kama mtu anayetazama matokeo ya mtihani. Kisha Sadiya akainama, akazichukua, akaingia jikoni. Tukasikia samli inalia kwenye sufuria, na nikajua tutaongea.

Zilipokuja zilikuwa zimekaangwa nzima nzima ndani ya samli, na maziwa juu, na jua lilikuwa limeshaanza kurudi chini. Nilimtazama Ilaria. Alikitazama kikombe: kahawa, maziwa, mafuta, jioni. Akafumba macho, akanywa yote, akatafuna na buni. Sadiya akamwongeza. Akanywa tena. Dini imevunjwa kwa mambo madogo kuliko hayo.

Huqa akaongea na Linda, si na sisi.

"Linda, binti yangu, nyumba ni yako. Sikutoi. Lakini yule mrefu aliniweka ukutani kama ng'ombe wa mnada."

"Nisamehe, baba. Nilikuwa mbali, lakini ofisi ni yangu."

"Nimekusamehe kabla hujakaa. Ile namba iko wapi?"

Linda akamtazama Ilaria. Ilaria akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba kwenye skrini wameifuta. Lakini Ruggero alikuwa ameshaituma kwao. Imefika Milano.

Huqa akaisogeza tumbaku yake mdomoni, akafikiri.

"Basi aifuate," akasema.

Hakupandisha sauti. Sadiya aliinamisha kichwa kucheka ndani ya shela yake. Na maana ilikuwa wazi kwetu sote: Linda achague. Nyumba anayo, ila mtu wa kuhesabu asiwe ndani yake. Akiwatoa Waitaliano, meza zinabaki tupu, na meza tupu ni Qatar. Akiwaacha, hana nyumba, na hiyo pia ni Qatar. Nikafungua mdomo nimsaidie, nikafunga. Ilikuwa ofisi yake.

"Wataondoka, baba," Linda akasema. "Wiki hii."

Tuliporudi mjini, Linda akamwambia Ruggero yeye mwenyewe, amesimama. Ruggero akasema juu ya mkataba. Linda akamwambia mkataba unasema ofisi ya pamoja, na hapa pamoja ni pamoja na mwenye nyumba. Ruggero akakaa. Akauliza kosa lake ni lipi, alikuwa anasaidia. Linda akamweleza tangu mwanzo, na safari hii bila kitendawili. Nadhani alielewa, maana alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Hata hivyo Milano waliipenda ile namba sana. Kwenye ukurasa wao wakaandika kwamba wamekua haraka kuliko walivyotarajia, sasa wanahamia Nairobi. Kwa hiyo ule mpango wa kuwatuma mbali wakakue ulifaulu, tuwapongeze. Ilaria alinikumbatia sana. Ruggero aligonga kichwa mlangoni akitoka.

Tukabaki mimi, Mbaabu na harufu ya dawa ya kupe.

Linda alifungua kila asubuhi, akapangusa meza zisizo na vumbi. Jioni nilimsikia akiulizia nauli ya kwenda Nairobi kwa ajili ya viza. Nilipika samaki, ambaye simpendi, kwa sababu yeye anampenda.

Aliyekuja kwanza alikuwa Sadiya na wenzake wawili wa maziwa. Walisalimu, wakaketi, wakaanza kupiga simu zao za Nairobi kwa sauti ya kufika Nairobi bila simu. Mmoja akauliza kama madebe yanaweza kukaa kivulini. Linda akamwambia kuna ada ya meza. Sadiya akamwambia ndiyo sababu wamekuja kwenye meza, si chini ya mti, na akalipia wote. Alisema jambo moja zaidi, akiwa ananitazama mimi lakini anaongea na Linda: ofisi mjini ziko nyingi, ila mwenye hii aliwahi kumfukuza mgeni kwa ajili ya jina la Huqa, mume wake yeye Sadiya, na wanawake wa maziwa wamesikia.

Wakaja na wengine. Akaja Dima anayeuza mbuzi kwa simu, akaja Kanchoro wa bima, akaja mwalimu Etabo kufanyia watoto masomo ya likizo. Kila anayeingia anasalimu kila aliyeko, mmoja mmoja, na mifugo yake, na mvua. Kabla salamu hazijaisha, saa ya chai imefika. Mbaabu alilalamika kwamba hawezi kujumlisha. Siku moja mbuzi alikula risiti zake, na sijawahi kumwona mtu wa kodi akifurahi vile.

Ilikuwa jioni, tunafunga madirisha, Linda ana ufagio. Aliongea akiwa amenipa mgongo.

"Nyanya, nimeahirisha ile safari ya Nairobi."

"Ipi?"

"Unaijua ni ipi. Nipe mwaka mwingine hapa kwako."

Nikajifanya nafikiria. Nikamwambia chakula kimepanda bei, na yeye anakula sana, na hata hivyo nitaona. Kisha nikaligeukia dirisha nipate kulifunga, na likanichukua muda mrefu kidogo kuliko kawaida.