Usingizi wa Kukodisha

Kabla mtaa ule haujajulikana, sifa yake ilikuwa moja tu: haukutokea popote. Ukiingia, ulikwenda mpaka ukakutana na ukuta wa ghala la zamani, ukageuka, na wale waliokusalimu wakati wa kwenda wakakusalimu tena wakati wa kurudi, safari hii meno nje. Mtu aliyeonekana mle alikuwa amezaliwa humo, ameolewa humo, au amepotea.

Mama Cherehani alikuwa ameolewa humo. Mumewe alipofariki alimwachia vitu viwili vya maana: chumba cha mbele cha nyumba ya familia, chenye dirisha kubwa linaloangalia barabara, na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Kwa vitu hivyo aliishi. Wateja walimwona dirishani, mwanga ulimfikia, naye alishona sare za shule za watoto wa mitaa yote ya jirani, huku akimshukuru Mungu kwa kila pindo lililonyooka.

Nyumba iliyobaki ilikuwa mikononi mwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Huyu aliitwa Meneja tangu utotoni, maana wenzake wakicheza mpira yeye alisimama pembeni akielekeza. Katika maisha yake alikuwa hajawahi kusimamia hata duka la kibiriti, lakini jina lilikaa kichwani mwake likisubiri kazi.

Kazi ililetwa na Mkunga. Mama huyu alikuwa amestaafu kwenye hospitali ya mji wa mbali. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuamshwa, na alipostaafu, usingizi ukagoma kurudi. Akafunga safari kutafuta mapumziko, msimu ambao wageni ni haba. Hoteli za barabara kuu zikamchosha kwa muziki, akaulizauliza mpaka Meneja akampangisha chumba kilichopakana na cha Mama Cherehani, ukuta wa mbao katikati.

Jioni ile Mama Cherehani alimaliza sala yake akakaa kushona. Upande wa pili Mkunga alivua kiatu kimoja. Cha pili alikivua asubuhi.

"Shoga yangu, nimelala!" alisema, ametoa macho kama mtu aliyeibiwa kisha akarudishiwa.

"Si ndiyo kawaida ya watu, mama?"

"Kwako wewe!"

Akakaa mpaka akazoeleka. Alikula kilichopikwa, alijitekea ndoo yake, na koti lake lililochanika bitana alimpa Mama Cherehani alishone. Siku ya kuondoka aliwaaga majirani wote kwa majina yao ya utani.

Basi yangeishia hapo. Lakini Mkunga alikuwa na mpwa, na mpwa alikuwa na simu, na ndani ya simu hiyo alikuwa na wafuasi wengi kuliko shehe na mchungaji ukiwaweka pamoja. Mpwa akaandika: kuna mtaa ambao ukiweka kichwa tu, umelala.

Watu walivyo na njaa ya usingizi, mtu usiseme! Walikuja na mito yao kwapani. Walikuja na vitambaa vya kufunika macho, wakajikwaa navyo kwenye ngazi. Wengine walikuja kupigwa picha wakiwa wamelala, kisha wakakesha wakitazama kama picha imependeza. Wengi walikaa usiku mmoja tu, maana walikuwa na sehemu nyingine za kuonekana, na kwa usiku huo mmoja walitaka mataulo mawili, wakaoga kabla ya kulala na baada ya kuamka. Tangi la maji likawa linakauka kabla jua halijapanda, na akina mama wa mtaa wakawa wanapishana na ndoo kutoka bomba la mbali, huku wakiambiwa wasiburuze kandambili.

Kila nyumba ikageuka ya wageni. Chumba kiligawanywa kwa mbao, nusu ikagawanywa tena kwa pazia. Mwenyekiti wa mtaa alikikodisha chumba cha mama mkwe wake, bibi wa watu akahamia jikoni.

"Mwanangu," bibi alimwambia bintiye, "huyu mumeo siku moja atakodisha na kaburi langu."

Ikaundwa Kamati ya Ukimya. Vikao vyake vilikuwa na kelele kuliko kitu chochote mtaani. Kamati ilipiga marufuku nyundo, kinu, watoto wachanga na vicheko. Jogoo wa jirani alifungiwa kabatini. Mwanzoni mwa mtaa pakasimamishwa bango: KIMYA, WATU WANALALA. Nalo lilisomwa kwa sauti na kila aliyefika.

Ndipo Meneja alipobisha hodi chumba cha mbele.

"Shem, nina neno. Hiki chumba nakitaka."

"Chumba hiki kaka yako alinipa kwa mdomo wake, nawe ulikuwepo."

"Nani anakunyang'anya? Nakiazima tu. Utakaa stoo ya uani. Ile karibu na choo."

"Haina dirisha, shem. Nitashonaje gizani? Shule ziko mbioni kufunguliwa, na wateja watanionaje?"

"Hapo ndipo penyewe. Hutashona. Hiyo mashine yako inasumbua wageni. Watu wametoka kote huko kutafuta ukimya, wewe unawakera kama unasaga mahindi!"

Mama Cherehani alikwenda kwa wazee wa ukoo. Wazee walimsikiliza kwa upole wakiwa wameketi kwenye madumu ya maji, maana viti vyao vilikuwa vimeazimwa kwa wageni. Kila mmoja alikuwa na chumba alichokodisha. Wakamshauri avumilie. Akarudi, akamwambia Mungu peke yake, kisha akafunga virago.

Cherehani ilibebwa mpaka stoo. Ili shemeji yake asije akashawishika, Meneja aliuchomoa mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu, akautia mfukoni. Mama Cherehani akakaa mlangoni mwa stoo, pale mwanga ulipoingia kwa kuomba, akawa anashona sare kwa sindano ya mkono. Wateja waliomtafuta dirishani walimkuta mgeni aliyejifunika uso, wakaomba radhi wakaondoka.

Kwenye chumba cha mbele Meneja alijenga kitanda. Si cha mbao. Vya mbao wageni walikuwa wakivivunja kwa kupigana picha wakiruka. Alijenga kitanda cha saruji, kipana, laini juu kwa vigae, kimeota sakafuni kama mnara. Akakiita kitanda cha watu wakubwa.

Mambo yalikuwa kamili, ila kasoro moja: hakuna aliyelala. Huku mtu alikohoa, huku simu ililia, kule magurudumu ya masanduku yalikwaruza vigae, na kwenye msururu wa bafuni watu walinong'onezana matusi. Wageni walilalamika. Meneja akajibu malalamiko kwa kuongeza vyumba. Yeye mwenyewe alikuwa amekonda, macho mekundu kama pilipili, kwa kuwafungulia milango wanaofika na wanaotoroka.

Katikati ya vurugu hiyo Mkunga akarudi, koti lake begani. Meneja akampa kitanda cha watu wakubwa kwa heshima zote. Mkunga akakesha juu ya vigae kama samaki sokoni. Kulipokucha akapita katikati ya watu waliopanga foleni na miswaki, akamkuta mwenziwe mlangoni mwa stoo na sindano.

"Mashine yako iko wapi, shoga?"

"Imekatazwa. Inapiga kelele."

"Kelele?" Mkunga alishika kiuno. "Mimi nililala kwa nini, kama si hiyo? Kile kishindo chako cha taratibu, unasimama, unageuza kitambaa, unaendelea. Nilijua kuna mtu mzima yuko macho, basi mimi si zamu yangu. Nyie mmeuzia watu nini humu?"

Foleni ikanyamaza. Siku zote za Kamati, huo ndio ukimya wa kwanza.

Meneja aliutoa mkanda mfukoni, tabasamu mpaka masikioni. "Shem! Shem wangu! Rudi kazini. Utakanyaga usiku kucha. Si lazima kitambaa, kanyaga tu."

"Cherehani haikanyagwi tupu, itaharibika meno yanayovuta kitambaa," Mama Cherehani alijibu, akiupokea mkanda. "Nitashona nikiwa na nguo ya kushona, na nikichoka nitalala. Tena nitashonea chumba cha mbele, penye mwanga."

"Chumba cha mbele kina kitanda! Hakitoki kile, labda nyumba ianguke."

"Basi subiri," akasema, akaendelea na sindano yake.

Meneja hakusubiri, na wenzake hawakusubiri. Habari ilikuwa imeshapita ukuta kwa ukuta, na jioni ile kila nyumba ikawa na cherehani, kuukuu, za kuazima, zilizokauka mafuta. Aliyejua kushona hakuwepo. Wakazikanyaga tupu, wengine kinyumenyume. Mwenyekiti alimkalisha mama mkwe kwenye moja, bibi akaikanyaga kwa hasira za miezi yote. Mtaa ukanguruma kama kiwanda cha mbao. Jogoo, huko kabatini, alidhani ni mwisho wa dunia, akawika mfululizo.

Wageni walifungasha kabla ya chai. Mpwa wa Mkunga, mtu asiyelaza damu, akawa ameshaandika habari nyingine: kuna kijiji ambacho ukikaa tu, unapata hamu ya kula. Wote wakageuza mito yao kuelekea huko. Mungu awasaidie wapishi wake.

Mkunga peke yake alibaki. Akarudi chumba chake cha zamani, ndoo yake, jina lake la utani.

Meneja alifungua chumba cha mbele bila kuombwa tena. Mama Cherehani aliingia, akakizunguka kile kitanda, akakipapasa. Kilikuwa kinamfikia kiunoni, kipana, kimenyooka. Hakuwa amepata meza ya kukatia kama ile tangu aolewe. Akatandaza kitambaa cha sare chote kwa mkupuo mmoja, akachora kwa chaki, akakata. Kisha akaketi dirishani, akafunga mkanda, akaanza kukanyaga.

Meneja alikuwa amejiegemeza ukingoni mwa kitanda, ameshika tama. "Hasara yote hii, shem. Sasa nani atalala hapa? Niambie wewe. Nani..."

Hakumaliza. Upande wa pili wa mbao kiatu kimoja kilianguka sakafuni. Mama Cherehani aligeuka kuchukua mkono wa shati uliokuwa umekatwa, akaukuta uko chini ya shavu la shemeji yake, mdomo wazi, anakoroma. Akauvuta taratibu, akamwekea mahali pake furushi la vipande, akaendelea kushona.